Muulize Anko wa Filamu: mchora vibonzo akiwekewa kamera

Toleo lililopita niligusia mokumentari, yaani zile komedi zinazojifanya dokyumentari, nikasema kwa kupita tu kwamba sielewi kwanini watu hawamchukui mchora vibonzo wa gazetini wakamfanyia moja. Basi inbox imejaa. Kumbe mnaandika skripti kimyakimya humo majumbani. Nimechagua maswali machache, wengine mnisamehe, wawili watatu mlikuwa mnaomba hela tu.

Shikamoo anko. Naandika komedi fupi mtindo wa mokumentari, kuhusu mzee mmoja anayechora kibonzo cha gazetini cha paka na jirani yake kwa miaka thelathini. Rafiki yangu amesoma skripti akasema inaboa maana mtu anakaa tu mezani anachora. Nikaongeza ajali ya gari, mke kukimbia na mhariri, na moto ofisini, bado anasema inaboa. Nifanyeje? (Mwandishi chipukizi)

Marahaba mwanangu. Moto toa, ajali toa, mke mrudishe nyumbani kwake.

Rafiki yako kasema kweli kwamba mtu anayechora mezani anaboa, ila hajui kwamba hapo ndo penye utamu wenyewe. Fikiria hivi, watu wa dokyumentari wamekuja na kamera zao, taa, maiki ya fimbo, wamejazana kwenye kachumba ka huyu mzee, wanasubiri kitu kitokee, na hakuna kinachotokea maana kazi yenyewe ndo ile, mtu kakaa anaangalia karatasi. Anaangalia. Anakohoa. Anachonga penseli ambayo ilishachongwa. Halafu anageuka anawaambia kwa heshima zote "hapa ndo huwa nafanyia kazi", anarudi kuangalia karatasi. Ukiiacha hiyo shoti iende mpaka mtazamaji aanze kujisikia vibaya kwa niaba ya yule mzee, umeshapata kicheko cha kwanza na hujatumia hata senti ya moto.

Mfano mwingine. Kamera iko karibu kabisa na karatasi, tunaona nibu, ile ncha ya kalamu ya wino, inachora nyusi ya paka, kamstari kamoja tu. Anafuta. Anachora tena, palepale, vilevile. Anafuta. Anamgeukia mpiga picha, ambaye kwa sheria za kazi hatakiwi kuongea, anamuuliza: sasa hapa ana hasira au ana usingizi? Kimya. Mzee anaendelea kumkodolea macho tu. Mwishowe sauti inatoka nyuma ya kamera, kwa woga: usingizi. Mzee anapumua kwa nguvu, anachukua kifutio. Sini imeisha, hakuna aliyekufa.

Na sio kwamba nakutungia vituko, hii kazi yenyewe ni kituko ukiitazama kwa utulivu. Chukua Charles Schulz, Mmarekani aliyechora kibonzo cha gazetini kiitwacho Peanuts. Alianza tarehe 2 Oktoba 1950 na kibonzo chake cha mwisho kikatoka gazetini 13 Februari 2000, yeye mwenyewe akiwa amefariki usiku wa jana yake. Jumla vibonzo 17,897, na vyote kachora kwa mkono wake, wazo lake, wino wake, hata herufi za kwenye mapovu ya maneno kaandika mwenyewe, hakuwa na msaidizi wa kuchora. Likizo moja tu ya maana, wiki tano mwishoni mwa 1997 alipotimiza miaka 75. Halafu sasa sikiliza hii, jina la Peanuts hakulichagua yeye, alipewa na kampuni iliyokuwa inasambaza kibonzo chake, na hakulipenda mpaka anaingia kaburini. Nusu karne mtu anatumikia jina asilolitaka! Na kiwanda kilichokuwa kinatengeneza zile nibu zake kilipokuwa kinafunga, jamaa akanunua akiba yote iliyobaki. Weka hayo kwenye skripti bila kusema ni ya kweli, uone rafiki yako atakavyokwambia umezidisha chumvi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba injini ya hadithi yako ni kesho. Kila siku kesho inataka kibonzo. Mke akinuna kesho inataka kibonzo, bomba likipasuka kesho inataka kibonzo, mtoto anaolewa na baba yuko chini ya meza ya ukumbini anachora kwenye leso ya karatasi. Huhitaji adui mwingine.

Ila jambo moja nakuomba sana, usimcheke huyu mzee kwa nje. Yeye aamini kabisa kwamba kile cha Jumanne iliyopita kilikuwa kizuri kuliko vyote maishani mwake na kwamba dunia haikukielewa. Na kibonzo chenyewe lazima kiwepo kweli. Kaa chini uchore au umtafute mtu akuchoree vya kutosha, sio viwili vitatu vya kuonyesha kwa mbali, mtazamaji akisome kikiwa kimejaza skrini, boksi la kwanza la pili la tatu, halafu ndo urudi kwenye uso wa mzee anayesubiri ucheke. Kiwe kibaya kidogo tu. Kibonzo kibovu cha makusudi hakichekeshi mtu, kinachochekesha ni kile ambacho kilikaribia kuwa kizuri, unaona kabisa alichokuwa anatafuta na unaona pale kilipomponyoka.

Anko mi nakereka na kitu kimoja kwenye hizi mokumentari. Kila saa watu wanakaa kwenye kiti wanaongea na kamera. Nani kawaita? Na wengine wanaiangalia tu kamera bila kusema kitu, ndo maana yake nini? (Mama wa nyumba yenye tv moja)

Dada yangu una haki ya kukereka maana siku hizi imekuwa fasheni, mtu hajui kuandika sini basi anamkalisha mhusika kitini aeleze alichotakiwa kukionyesha. Uvivu huo.

Kile kiti kina kazi moja, mhusika atueleze jinsi anavyojiona yeye, halafu shoti inayofuata ituonyeshe ilivyo. Kwenye hii ya mchora vibonzo, mkalishe mhariri wa gazeti kitini. Suti, ofisi safi, tabasamu. Anasema tunampenda sana mzee wetu, huyu ni familia, gazeti bila yeye sio gazeti. Kimya kidogo. Halafu anainama kwa msaidizi wake pembeni, anauliza kwa sauti ya chini ambayo maiki inaidaka yote: kwani siku hizi anatoka ukurasa wa ngapi? Mpaka hapo tumeshajua kila kitu kuhusu hilo gazeti, hatuhitaji tena sini ya mkutano wa bodi.

Ile ya kuiangalia kamera bila neno ni kumwomba mtazamaji awe shahidi, kwamba na we umeona eeh. Ni tamu lakini ni kama pilipili, ukiimwaga kila sehemu mdomo unakufa ganzi. Kwenye filamu yenye mchoraji ningempa mtu mmoja tu ruhusa ya kuangalia kamera, na wala sio mzee mwenyewe, ningempa mke. Yeye ndo ameishi na yule paka wa karatasi miaka thelathini.

Na hakuna kicheko cha kubandika, yale makofi ya tv. BBC walipoleta The Office, mokumentari ya watu wa ofisini, mwaka 2001 waliacha kicheko kabisa na watu wengine mwanzoni hawakujua kama wanatakiwa kucheka. Kile kimya ni sehemu ya mchezo, usikiogope.

Swali langu ni dogo. Hivi hawa wachora vibonzo wanachora usiku ili asubuhi kitoke? Nataka sini ya kukimbizana na muda mpaka mtambo wa kuchapisha unawashwa. (Mwanafunzi wa filamu)

Sini hiyo itakuwa kali kwa mchoraji wa katuni za siasa, yule anayechora habari ya leo kwa ajili ya gazeti la kesho. Kwa mchora vibonzo wa kila siku wale wenye paka na majirani sio hivyo, hasa wale ambao kazi zao zinasambazwa na kampuni kwenda magazeti mengi kwa pamoja. Wale wanatuma wiki kadhaa kabla. Vya siku za kawaida mwezi mmoja au zaidi, vya Jumapili mapema zaidi, kama miezi miwili hivi, sababu vina rangi na zile kurasa huchapwa mapema. Yaani jamaa anachora watu wanatetemeka kwa baridi huku yeye kavaa singlendi na feni inamzungukia.

Sasa mwanangu usisikitike kwamba nimekuua sini, nimekupa kubwa zaidi, hebu itazame vizuri. Sini ya pili mzee na mkewe wanagombana, kitu kidogo tu, mke kamwambia hajawahi kumaliza kusikiliza sentensi yake hata moja. Mzee kanuna, anaingia chumbani kwake, na kwa hasira zake anachora yule jirani wa paka, mwanamke anayeongea na kuongea mpaka povu la maneno linamsukuma paka nje ya boksi. Anaweka kwenye bahasha, anatuma. Jioni wanapatana. Maisha yanaenda, wiki zinapita, mapenzi yamerudi upya, wamesafiri pamoja, mtazamaji naye kashasahau. Sini ya tisa asubuhi moja nzuri mke anafungua gazeti.

Hapo kamera isimame kwake tu. Asome. Boksi la kwanza, la pili, la tatu. Na huyu ndo yule mtu mmoja niliyesema anaruhusiwa kuiangalia kamera.

Unaona sasa? Dedilaini ya usiku ina presha ya saa moja, hii ya wiki sita ni bomu limetegwa na aliyelitega kasahau. Mzee hawezi kulirudisha, limeshasambazwa kila gazeti. Anaweza akapiga simu kwa kampuni kubembeleza, hiyo sini iandike, atakayepokea awe kijana mwajiriwa mpya ambaye anadhani mzee ameshakufa.

Na kuna kitu kingine cha vibonzo vya Jumapili ambacho hakuna mtunzi angekibuni. Magazeti yana nafasi tofauti, hivyo mpangilio wa kawaida ulikuwa kwamba boksi za mwanzo kabisa za kibonzo cha Jumapili gazeti linaruhusiwa kuzikata na kutupa. Kwa hiyo mchoraji analazimika kuandika kichekesho cha mwanzo ambacho kiwe kizuri kwa watakaokiona ila kisiwe na umuhimu wowote kwa hadithi, sababu wengine hawatakiona kabisa. Mtu anatumia asubuhi nzima kutengeneza kitu ambacho masharti yake ya kwanza ni kwamba kisihitajike. Bill Watterson, yule wa Calvin and Hobbes, aligombana na huo utaratibu mpaka mwaka 1992 akapata ruhusa kwamba kibonzo chake cha Jumapili kisikatwekatwe, aidha gazeti likichukue kizima au liache, na wahariri wengi hawakufurahi. Mzee wako yeye asishinde. Yeye awe ndo fundi wa boksi za kutupwa, zile boksi ndo kazi yake bora ya maisha, na gazeti lake la nyumbani halijawahi kuzichapisha hata mara moja.

Anko, baba aliangalia moja ya hizi filamu mpaka mwisho akilia kwa huruma, tulipomwambia ni maigizo hakutuongelesha siku mbili. Hivi huu sio utapeli? (Kitinda mimba)

Mpe pole mzee, na mwambie yuko na wengi. Tarehe 1 Aprili 1957 BBC kwenye kipindi chao cha Panorama, kipindi cha heshima kabisa cha habari, walirusha ripoti ya familia moja Uswisi ikivuna tambi kutoka mtini, na msimulizi alikuwa Richard Dimbleby ambaye watu walikuwa wanamwamini kama vile ni mzazi wao. Watu walipiga simu wengine wakiuliza mti wa tambi unapandwaje. Aliyedanganywa pale hakudanganywa na ujinga wake, alidanganywa na ile sauti tulivu na picha za kawaida za kawaida. Mokumentari nzuri inakopa heshima ya dokyumentari, basi lazima kuna mtu ataamini, na mara nyingi ni mtu mwema.

Kwangu mimi mstari uko hapa: majina ya waigizaji yawe wazi mwishoni, na usimsingizie mtu halisi au gazeti halisi jambo ambalo hakufanya. Gazeti litunge, mji usiutaje, mhariri mtunge. Ukishafanya hivyo mtu akiamini umefaulu, sio umetapeli.

Tena kwenye ulimwengu wa vibonzo utani una tabia ya kugeuka ukweli wenyewe bila kusukumwa. Mort Walker, yule mchoraji wa kibonzo cha Beetle Bailey, alijitungia majina ya vile vialama vya kwenye katuni: matone ya jasho yanayoruka kichwani akayaita plewds, kile kivumbi kinachobaki mtu akikimbia akakiita briffit, na zile nyota na mizunguko ya kuficha matusi akaiita grawlix. Alianza kama masihara kwa wachoraji wenzake, baadae mwaka 1980 akaandika kitabu kizima, na leo kuna watu wanayafundisha kwa uso mkavu kabisa kama anatomia. Huyu mzee wa kwenye filamu yetu ningempa dakika mbili mbele ya kamera aeleze tofauti ya tone la jasho la aibu na tone la jasho la joto, akiwa na ubao na kijiti. Asicheke hata kidogo. Na kwa nyuma mke anapita na kikapu cha nguo.

Naweza kuweka ukutani kwenye sini michoro ya vibonzo maarufu ili ionekane chumba cha mchoraji kweli? (Fundi wa seti)

Bila ruhusa usiweke, michoro hiyo ina wenyewe, na mara nyingi mwenyewe sio hata aliyechora. Zamani kampuni za usambazaji ndo zilikuwa zinamiliki kila kitu. Mchoraji Richard Outcault alipohama na Yellow Kid, yule mtoto wake wa kwenye kibonzo, kutoka gazeti la tajiri Pulitzer kwenda la mshindani wake Hearst mwaka 1896, gazeti la zamani likampa mchoraji mwingine aendelee na mtoto yuleyule, ikawa New York ina Yellow Kid wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja na baba yake. Mchoraji mwingine, Bud Fisher, alijifunza, 1907 alipokuwa anaondoka gazeti moja la San Francisco kwenda kwa mshindani akaandika kabisa ndani ya kibonzo kwamba haki miliki ni yake yeye Fisher, na baadae hilo likamwokoa.

We chora vya kwako, vibandike ukutani vikiwa na tepu iliyokauka na alama za penseli ya bluu mpauko. Ile bluu ina maana, kamera za kupiga picha za uchapaji zilikuwa hazioni bluu nyepesi, hivyo mchoraji anachora mistari ya mwanzo kwa bluu, anapita na wino mweusi juu, na hana haja ya kufuta. Mtazamaji anayejua ataona hiyo bluu atakusamehe makosa mengine yote ya seti.

Simu inatosha kushutia? (Mtu wa haraka)

Inatosha, na ile mitikisiko itakusaidia. Tatizo ni sauti. Tafuta maiki uiweke karibu na karatasi, ile nibu inavyokwaruza ndo muziki wako wa filamu nzima.

Anko mwisho wa filamu yangu gazeti linafungwa, mzee anazima taa, kamera inarudi nyuma taratibu. Unaonaje? (Yuleyule mwandishi chipukizi, barua ya pili)

Ah, mwanangu. Hapana. Mwisho huo kila mtu ameshauona, na unamwonea huruma mzee kwa mkopo.

Vibonzo vya magazetini shida yake haijawahi kuwa kufa, shida yake ni kwamba havifi. Blondie ilianza 1930, mwanzilishi wake Chic Young akafariki 1973, mwanae akaipokea na ikaendelea. Sasa fanya hivi: gazeti linaitisha kura ya wasomaji ili litoe kibonzo kimoja, ukurasa umekuwa mdogo. Mzee anapiga kampeni, anajipigia kura kwa majina ya marehemu wote wa ukoo. Matokeo, kawa wa pili kutoka mwisho. Wa mwisho kabisa ni kibonzo ambacho mchoraji wake alishafariki zamani na wanarudia vya miaka ile, mhariri akijaribu kukitoa simu zinaita ofisi nzima, wazee wa watu wanalia kwenye laini. Kwa hiyo kinarudishwa, na anayetakiwa kutoka sasa ni wa pili kutoka mwisho.

Wanamtoa. Siku ya kwanza hakuna simu. Siku ya pili hakuna. Siku ya tatu simu zinaanza kumiminika, mzee kaitwa ofisini, macho yamemjaa machozi, mhariri anaweka spika. Watu wanalalamika kwamba chemshabongo imehamishwa pembeni mpaka pale kwenye mkunjo wa gazeti na haijaziki vizuri. Mhariri hana jinsi, inabidi airudishe ilipokuwa, na pembeni yake inabaki nafasi tupu ambayo lazima ijazwe na kitu.

Mzee anauliza ina upana gani.